Siku Niliyomwandikia Daktari "Hakuna"

Mmeniomba niwaandikie namna ya kutafuta makala za tiba, nadhani mkitegemea kurasa mbili za maelekezo. Maelekezo mnayo, yamebandikwa ukutani, na anayetaka kuyasoma ameshayasoma. Mimi nitawaandikia kazi ilivyokuwa, pamoja na kosa langu moja, maana siku ile ya kuniaga mlinisifu kupita kiasi, na sifa za namna ile ndizo zilizoniponza. Jina la hospitali silitaji. Wanaolijua wanalijua, na baadhi ya niliofanya nao kazi bado tunakutana sokoni Shinyanga.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya sitini. Kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye kinu cha pamba, kazi yangu kuandika mizigo ipi ni safi na ipi ni fifi, yaani pamba ya daraja la chini. Hospitali ya misheni ikatafuta mtu anayesoma Kiingereza, anayezungumza Kisukuma, na asiyeogopa vumbi. Nilidhani ni vumbi la vitabu. Kumbe dirisha la maktaba lilielekea barabara ya malori, na kila jioni nilifuta rafu ambazo asubuhi ningezikuta nyekundu tena. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mablanketi, na harufu ya mablanketi haikutoka mpaka nastaafu.

Ukuta mmoja ulikuwa na majarida ya tiba, ya kupewa, mengi yakifika miezi minane au mwaka baada ya kuchapwa. Kwenye ukuta wa pili, nyuma ya kiti changu, kulikuwa na fahirisi. Ninyi mmeikuta imeshazoeleka, lakini mimi nilipoifungua mara ya kwanza nilitaka kurudi kwenye pamba. Ni majuzuu manene yanayoorodhesha makala za madaktari wa dunia nzima, herufi ndogo kama mtama wa njiwa, na kila makala imewekwa chini ya kichwa cha mada. Kichwa hakiwekwi kwa maneno ya mwandishi. Mmoja huuita ugonjwa hivi, mwingine vile, na wa tatu huupa jina la mwalimu wake. Wenye fahirisi wamechagua neno moja kwa kila jambo, wakayapanga maneno hayo yote katika kitabu chake, na makala zote za jambo hilo huwekwa hapo. Ukilijua neno lao, unapata. Usipolijua, utapekua mpaka macho yatoke machozi.

Aliyenifundisha ni Sista Gertruda, muuguzi wa zamani ambaye magoti yalimkataa, wakamweka maktaba apumzike. Hakupumzika wala hakunipumzisha. Siku ya kwanza alinipa penseli, kifutio na kile kitabu cha vichwa, tulichokiita orodha. Akaniambia neno la daktari lisiende kwenye fahirisi kabla halijapita kwenye orodha, hata kama nalijua kama jina la mwanangu. Nikaitikia. Kuitikia hakuna gharama.

Wiki ile ile akaja muuguzi akitaka kilichoandikwa kuhusu degedege. Mimi mbio kwenye fahirisi. Sista akanivuta kanga kwa nyuma, akaniketisha, akamgeukia yule muuguzi na kumhoji kama mshenga: mtoto ana umri gani, ana homa au hana, alianguka mara ngapi, akizinduka anamtambua mama yake? Baada ya maswali hayo degedege ile ikawa mambo matatu, na kila jambo lina kichwa chake. Hapo nilielewa kwamba nusu ya kutafuta ni kumsikiliza anayeuliza. Nusu nyingine ni orodha.

Tulijitengenezea na kadi zetu. Bwana Karimu, mwenye duka la viatu mjini, alitupa maboksi matupu, nasi tukayajaza kadi za "ona": neno la Kiswahili au la Kisukuma juu, na chini yake kichwa kinachotumika. Kama makala yenyewe hatuna, tuliandika kadi ya posta kwa mwandishi, popote alipo, kumwomba nakala. Jibu lilichukua miezi. Wengi walituma. Profesa mmoja alinitumia nakala moja tu, lakini kadi za Krismasi alinitumia miaka sita mfululizo, na mpaka leo sijui alidhani mimi ni nani.

Sista aliporudi kwao, mimi nikawa mkuu wa maktaba, mwenye mamlaka juu yangu mwenyewe na kiti. Kufikia wakati huo nilikuwa navijua vichwa kwa kichwa. Daktari akitaja ugonjwa, mimi nilitaja kichwa chake na juzuu ambalo nililiona mara ya mwisho. Walipenda sana. Walileta wageni waje wanisikie. Orodha ikawa inakaa juu ya kabati, na mimi nikaweka chungu cha maua juu yake.

Hapo ndipo alipokuja Daktari Kimaro, kijana, hana miaka mitatu tangu amalize chuo, mtu wa kujiuliza maswali. Na hapo ndipo alipolazwa Mzee Luhende kwa mara ya tatu.

Mzee Luhende alikuwa mkulima wa Nyahanga, Kahama, lakini ujana wake aliumalizia chini ya ardhi, upande wa Geita, akishika mashine ya kutoboa mwamba kwenye mgodi wa dhahabu. Mgodi ulipofungwa alirudi na redio, baiskeli, na kikohozi. Alitibiwa kifua kikuu, sindano na vidonge, mwaka na zaidi, akamaliza. Kikarudi. Akatibiwa tena, akamaliza, kikarudi tena, na makohozi yakaonyesha wadudu wale wale. Kila mara mkewe, Mama Holo, alikuwa naye. Ndiye aliyempa vidonge kila asubuhi, kwa mkono wake, na maji.

Daktari Kimaro hakutaka kumhukumu haraka. Alinipa karatasi ameandika: kifua kikuu cha mapafu kisichopona kwa mtu aliyefanya kazi mgodini, je, vumbi la mawe linahusika? Swali zuri kuliko hilo sijaletewa. Lilikuwa jibu kabisa, limekosa ushahidi tu.

Nilitafuta siku mbili. Sikupanda kushusha orodha. Chungu cha maua kilikuwa kizito na mimi nilikuwa najua. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kifua kikuu cha mapafu, nikasoma majina ya makala, juzuu baada ya juzuu, nikitafuta linalotaja mgodi au vumbi. Hakuna hata moja. Nikaenda kwenye vumbi, nikakuta viwanda vya pamba na panya wa maabara. Nikaenda kwenye migodi, nikakuta makaa ya mawe na ajali. Nikachukua ile karatasi ya daktari, nikaandika chini yake neno moja, "Hakuna", nikatia na sahihi.

Alikuja mwenyewe maktaba, ameishika.

"Mama Masanja, umetafuta kote?"

"Nimetafuta kote, Daktari."

Aliamini. Kwa nini asiamini? Mimi ndiye niliyeonyeshwa wageni.

Siku ya pili yake aliniita wodini nitafsiri, kwa kuwa Kiswahili cha Mama Holo kilikuwa cha sokoni tu. Daktari akaniambia nimwambie kwamba dawa hizi zikimezwa zinaponya. Kama hazijaponya, hazijamezwa. Mama Holo akasema anampa yeye mwenyewe kila asubuhi, na mumewe anameza mbele ya macho yake. Daktari akasema basi mmoja wenu hasemi kweli. Nilitafsiri yote bila kukosea. Kisukuma changu ni kizuri. Namkumbuka Mzee Luhende, alikuwa ameketi kitandani, akamgeukia mkewe, akamtazama kwa muda mrefu.

Kwenye faili aliandikwa mtoro wa dawa. Wakati ule dawa zilikuwa haba, na mtoro aliwekwa mwisho wa foleni ya kuanzishiwa tena. Akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Miezi kadhaa ikapita. Posta ikaleta orodha mpya ya mwaka. Sista alikuwa na desturi ya kulinganisha orodha mpya na ya zamani, ukurasa kwa ukurasa, ili kadi zetu zisibaki nyuma, na desturi hiyo nilikuwa sijaiacha, labda kwa sababu hufanywa na mtu aliyekaa. Nusu ya pili ya orodha imepangwa kiukoo: jambo kubwa juu, na yaliyo ndani yake yamesogezwa kulia kidogo, kila moja chini ya mzazi wake. Nikafika kifua kikuu cha mapafu. Chini yake, kimesogezwa kulia, kilikuwepo kichwa kimoja cha silikosi, yaani mapafu yenye vumbi la mawe, ikiwa pamoja na kifua kikuu. Neno moja kwa magonjwa mawili. Nikashusha chungu cha maua, nikafungua orodha ya zamani. Lilikuwemo. Lilikuwemo miaka yote.

Ninyi mnajua sheria, lakini niiandike kwa ajili ya atakayekuja kesho. Makala huwekwa chini ya kichwa kinachoitosha hasa, si chini ya kile kikubwa kinachoibeba. Ni sawa na kijana aliyeoa na kujenga mji wake: ukimfuata kwa baba yake hutamkuta, na ukisema hayupo duniani, umesema uongo. Mimi nilikaa siku mbili kwa baba yake.

Nilifungua majuzuu yaliyo nyuma ya kiti, herufi ya esi. Makala zilikuwepo, si moja. Na moja ilikuwa katika jarida tulilokuwa nalo wenyewe, nililolipanga rafuni kwa mkono wangu. Ilieleza habari za wachimbaji wa nchi nyingine ambao walimeza dawa wakisimamiwa na wauguzi, na bado wengine kifua kikuu kiliwarudia, kwa sababu mapafu yaliyojaa vumbi hupigana vibaya. Ilishauri watibiwe muda mrefu zaidi ya wengine.

Nataka kusema ukweli juu ya saa ile. Hakuna aliyekuwa akijua. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine mia. Ningeweza kurudisha jarida rafuni, nikatengeneza kadi mpya safi, na kufa na siri yangu. Niliwaza hivyo, tena nikapika chai na kuinywa yote nikiwaza hivyo. Kisha nikaona aibu, si ya kosa, ya ile chai. Nikabeba jarida mpaka chumba cha daktari.

Alilisoma akiwa amesimama. Nilimweleza nilivyotafuta na nilivyoacha kutafuta. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliomba faili la Mzee Luhende, akakata yale maneno aliyoyaandika, mstari mmoja, akatia tarehe na sahihi pembeni, akasema kesho tunakwenda Kahama na mimi nijiandae.

Tulimkuta Nyahanga uani, ameegemea ukuta wa nyumba, amekonda mpaka kola ya shati inamzunguka. Nikamwamkia kwa "mwangaluka", akaitikia kwa shida. Nyumba ilikuwa kimya. Nikauliza Mama Holo yuko wapi. Akasema ameondoka na wale watoto wawili wadogo, yuko Maganzo kwa kaka yake.

Akatueleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Walipotoka hospitali, ndugu zake waliuliza daktari amesemaje. Akawaambia: amesema dawa haikumezwa. Wakauliza vidonge alikuwa anapewa na nani. Hapo wote wakanyamaza, na kimya kile, katika nchi yetu, mwanamke anajua maana yake: anashukiwa kumlisha mumewe kitu kingine.

"Mimi nilimeza alichonipa," alisema Mzee Luhende. "Daktari akasema sikumeza dawa. Sasa nilikuwa nameza nini?"

Aliacha mkewe aondoke. Hakumfukuza, alisema, lakini hakusimama mlangoni pia.

Daktari Kimaro akachuchumaa mbele yake, akasema, "Ulimeza dawa, mzee. Mke wako alikupa dawa. Kosa ni letu sisi." Nilipotafsiri sikusema letu. Nilisema kosa ni la mwanamke huyu anayezungumza nawe, alitumwa kutafuta na hakutafuta vizuri. Mzee Luhende alinitazama kama alivyomtazama mkewe siku ile, na hilo nililistahili. Kisha akaomba asaidiwe kupanda gari.

Akaanzishiwa sindano upya. Mimi Jumamosi ile nikapanda basi la Maganzo.

Mama Holo nilimkuta kando ya barabara, anauza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa wachimba almasi, amekaa juu ya debe. Nikampa shikamoo, akasema marahaba, akaendelea kumpimia mteja. Mteja alipoondoka nikamweleza yote, kwa Kisukuma, nikiwa na lile jarida mkononi ingawa hakujua kusoma. Sikujua nilishike vipi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi hiyo," akasema, "ilikuwepo siku ile nimesimama wodini?"

"Ilikuwepo."

"Wapi?"

"Kwenye rafu, mama. Maktaba ninamokaa."

Alichambua michembe kwa muda, akitupa vipande vilivyooza. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mngesema hamjaona, ningekuwa kwangu."

Kazi yetu yote ya kutafuta, na vitabu vyake na kozi zake ambazo mimi sikupelekwa na ninyi mmepelekwa, haijaniambia jambo la maana kuliko hilo. Kurudi kwangu nilichapa fomu mpya, hii mnayoitumia, ambayo haina mahali pa kuandika kwamba kitu hakipo. Ina mistari ya kuandika vichwa ulivyotafuta, kimoja kimoja, na majuzuu, na chini yake "sijaona". Daktari akisoma, anajua pia pale ambapo hukwenda. Nasikia sasa mnapeleka maombi mbali na mashine ndiyo inayotafuta. Vizuri. Lakini mashine nayo hutafuta chini ya neno uliloipa, kwa hiyo andikeni neno lenyewe kwenye fomu, na chungu cha maua kiwekeni dirishani.

Siku ile, kabla sijaondoka Maganzo, nilimwomba Mama Holo arudi nami Shinyanga. Akakataa. Alisema mimi nimekuja kusema la kwangu, amelisikia. Aliyemwacha aondoke hajaja. Akanifungia michembe kwenye gazeti nipelekee watoto wangu, akakataa hela.

Ujumbe ule niliufikisha wodini kama nilivyopewa. Mzee Luhende alivuta shuka, akageukia ukutani. Wiki zikapita, sindano zikafanya kazi, makohozi yakapungua na hamu ya kula ikarudi. Asubuhi moja akamwomba daktari ruhusa ya siku moja kwenda Maganzo. Daktari hakupenda, lakini alikubali kwa sharti kwamba nimsindikize. Kwa kuwa tuliondoka kabla ya zamu ya dawa, muuguzi alimfungia vidonge vya asubuhi katika kijikaratasi, akamwagiza avimeze kwenye basi akishakula. Kwenye basi alikula maandazi mawili. Vidonge hakuvigusa, nikamkumbusha mara mbili, akasema nisimsumbue.

Tuliposhuka akaniambia nibaki kituoni. Kutoka pale mpaka kwa shemeji yake hapazidi mwendo wa dakika mbili kwa mtu mwenye mapafu, na ua wote unaonekana kutoka kituoni. Alitembea, akasimama. Akatembea tena, akakaa kwenye jiwe. Mama Holo alikuwa uani anatwanga. Alimwona tangu barabarani. Niliona mchi ukisimama hewani. Alipiga hatua mbili kumfuata, kisha akarudi mahali pake, akaweka mchi chini, akasubiri. Mumewe alipumzika mara nne, na mara ya nne nilidhani hatanyanyuka.

Alipofika aliletewa kiti na maji. Kikohozi kilipotulia akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kijikaratasi, akakiweka kwenye kiganja cha mkewe. Sikusikia alichosema, kama alisema chochote. Mama Holo alikifungua, akavitazama vidonge, akampa kimoja kimoja, na mimi nikageuka kuangalia kama basi la kurudi linakuja.